Sindano ya Ng'ombe

Mimi naitwa Luhende, na pale kijijini kwetu, nje kidogo ya Bariadi, wananiita Dokta. Si kwamba nimesoma. Darasa la saba lenyewe nilimaliza kwa kusukumwa. Wananiita Dokta kwa sababu ng'ombe wa mtu akigoma kula au akianza kudondosha mate, hawahangaiki kumtafuta bwana mifugo mjini, wanakuja kwangu. Nina bomba langu, nina sindano zangu, nina chupa zangu za dawa kwenye kasha la bati juu ya kabati. Nakwambia haya mapema ili ujue kiburi changu kilitoka wapi.

Mwezi wa pili, katikati ya palizi ya pamba, mke wangu Violeth alijikata mguu na jembe. Kidonda chenyewe kidogo tu, juu ya kidole gumba. Siku ya tatu mguu ukavimba, siku ya nne akaamka anatetemeka kwa homa. Mama yake, Mama Martha, alikuwa kwetu wiki hiyo, amekuja kutoka Malampaka kumwona mjukuu wake Precious.

Sasa kwetu Wasukuma, mama mkwe hukaribiani naye ovyo ovyo. Mimi na Mama Martha tulikuwa na miaka sita hatujawahi kuzungumza uso kwa uso. Nikiingia upande huu, yeye anajitanda khanga anatokea upande ule. Akiwa na neno kwangu analipitisha kwa binti yake, hata kama nimesimama hapo hapo nasikia kila kitu. Ndiyo heshima yetu, na sikuwahi kuiona mzigo.

"Violeth, mwambie mumeo akupeleke zahanati," alisema asubuhi ile, yuko nje ya mlango.

"Mwambie mama," nikajibu nikiwa ndani, "kule utakaa foleni mpaka saa nane, upewe panado urudi. Mimi nimeponya ng'ombe wangapi?"

"Mwambie, binti yangu si ng'ombe."

Wee, niliudhika! Ndani ya nyumba yangu mwenyewe! Lakini mkwe hajibiwi, nikameza. Nikasema haya, tutakwenda kesho. Nikasubiri achukue ndoo yake aende kisimani.

Alipopotelea kwenye mahindi tu, nikashusha kasha. Nilikuwa na chupa ya penisilini ya ng'ombe, ile nyeupe kama maziwa. Nikaitikisa, nikavuta nusu bomba. Nilishawahi kuona watu wanachomwa penisilini hospitali, nikajiambia dawa ni ile ile, tofauti ni picha ya ng'ombe kwenye karatasi ya chupa.

"Baba Precious, una uhakika?" Violeth akauliza.

"Geuka," nikamwambia.

Akageuka. Hakubishana, akageuka na kunipa mgongo. Nikamchoma tako la kulia, taratibu kabisa, wala hakustuka.

Nilikuwa bado nasuuza bomba aliposema viganja vinamwasha. Nikamwambia dawa hiyo inafanya kazi. Mara akashika tumbo, akasema linamkata, akatapika pale pale kwenye mkeka. Halafu akasema kifua kimembana, na sauti yake ikatoka ndogo, ya mbali. Nikamshika mkono. Ulikuwa wa baridi na umelowa jasho. Macho yakapanda juu, akaniangukia.

Nimeona ng'ombe wengi wakifa. Najua mnyama anavyolegea. Nilivyomshika Violeth nikakuta amelegea vile vile.

Mama Martha akatokea na ndoo kichwani. Akamwona. Ndoo ikaanguka, maji yote chini. "Mwanangu ana nini? Mwanangu amefanywa nini?" Aliuliza hewa, kwa sababu mimi hawezi kuniuliza.

"Homa imempanda," nikauambia ukuta.

Huo ndio uongo wa kwanza, na ulitoka wenyewe, sikuutafuta. Bomba lilikuwa mfukoni mwangu.

Jirani yetu Shija ana bodaboda. Tukampakia Violeth katikati, mimi nyuma nimemkumbatia, tukaondoka. Mama mkwe akamwacha Precious kwa jirani mwingine, akasimamisha pikipiki akatufuata. Ni dakika kumi tu mpaka zahanati, lakini njia nzima kichwa cha Violeth kilikuwa kinagonga kifua changu, tap, tap, na mimi nasema kimoyomoyo: Mungu wangu, usinifanyie hivi, nitafanya chochote.

Zahanati yetu ina chumba kimoja cha wagonjwa, kitanda kimoja kando ya dirisha. Siku hiyo alikuwepo muuguzi mmoja, dada Felisita, mwanamke mwembamba mwenye sauti ya amri. Alimlaza Violeth, akamfunga mashine ya presha mkononi. Mama Martha akaingia, akakaa kichwani pa mwanaye. Chumba kidogo, mkwe yumo, mimi ningeingiaje? Nikasimama mlangoni nimegeukia nje, kama tunavyofanya.

"Sitini kwa thelathini," dada Felisita akasema. "Jamani, presha imeshuka vibaya. Mtu mzima anatakiwa awe na mia moja na kitu. Baba! Wewe mlangoni! Amekula nini? Amepewa dawa gani?"

Sema, Luhende. Sema tu. Lakini nisemeje? Nimemfunua mke wangu nguo, nimemchoma tako kwa sindano ya ng'ombe, na mama yake yuko hapa anasikia? Mama aliyekataza? Neno lenyewe tako, mbele ya mkwe! Kwetu mtu akitamka neno hilo mbele ya mama mkwe, ukoo mzima utalizungumza mpaka wajukuu. Na tena polisi. Nilishaanza kuwaona polisi.

"Hajapewa kitu," nikasema. "Ni homa tu na kidonda."

Akamtundikia dripu, akaifungua yote. Akamtazama ngozi, akamfunua macho, akambonyeza tumbo. Violeth akaguna kidogo.

"Dawa za kienyeji? Kachomwa sindano mahali, duka la dawa, kwa mtu?"

"Hapana, dada."

Mama mkwe alikuwa anampangusa mwanaye jasho na ncha ya khanga, na nilimsikia anasali Salamu Maria kwa Kisukuma, haraka haraka, anaruka maneno.

Dada Felisita akatoka mpaka pale nilipo, akashusha sauti. "Sikiliza baba. Mwanamke wa umri huu, presha imeanguka ghafla, tumbo linauma. Naogopa ni mimba imetunga nje, imepasuka, anavuja damu ndani. Mimi hapa sina chumba cha upasuaji. Nimepiga simu, gari la wagonjwa linatoka Bariadi, na likifika namtoa hapa moja kwa moja. Lakini kama si hilo, nitakuwa nampeleka kwenye kisu bure, na anaweza kufia njiani. Kwa hiyo nakuuliza tena, kwa mara ya tatu. Hakuna alichopewa? Una uhakika?"

Una uhakika. Neno lile lile la Violeth.

"Nina uhakika," nikasema.

Usiniulize kwa nini. Nimejiuliza mwenyewe mpaka nimechoka. Nilikuwa nimeshamdanganya mara mbili, na uongo ukishaupanga hivyo unaona aibu kuubomoa. Nikajiambia dripu itamsaidia. Nikajiambia huko Bariadi madaktari watajua wenyewe, hakuna haja yangu. Huyo ndiye Dokta mnayemwita.

Dada Felisita akarudi, akabonyeza mashine. Ikajijaza upepo, ikaguna, ikajitoa. Akatazama kioo chake. Akabonyeza tena. Ikajijaza, ikajitoa.

"Haisomi," akasema.

"Haisomi maana yake nini?" Mama Martha akauliza.

Dada Felisita aliweka vidole shingoni kwa Violeth, akatulia, akavisogeza, akatulia tena. Na mimi nilimwona yule muuguzi uso. Nilikuwa nimegeuka, unaelewa? Nilikuwa nimegeuka na kutazama ndani, mkwe yuko pale, na sikujali tena. Midomo ya mke wangu ilikuwa rangi ya majivu. Kifua kilikuwa kinatoa mlio mwembamba, halafu kinakaa, halafu mlio.

"Nimemchoma mimi!" nikapiga kelele.

Wote wawili wakanitazama.

"Sema, baba," dada Felisita akasema. "Sema upesi."

"Penisilini. Ya ng'ombe. Nusu bomba, kwenye tako la kulia, leo leo, nyumbani." Nikatoa bomba mfukoni nikamwonyesha. "Alianza kuwashwa viganja. Kabla hata sijamaliza kuosha bomba. Ni mimi. Mama, ni mimi."

Dada Felisita alikuwa ameshaondoka kabla sijamaliza. Alivuta kasha jekundu la dharura chini ya meza, akatoa kachupa kadogo ka kioo, akakavunja shingo. Akavuta kidogo sana. Mimi niliyezoea kupiga ng'ombe bomba zima, nilipoona ile dawa nikachanganyikiwa.

"Dada, hiyo ndogo mno! Ongeza!"

"Nyamaza!" akafoka. "Hii ni adrenalini. Ndiyo inayopandisha presha na kufungua kifua, na nikizidisha nitaua moyo. Umeshatibu vya kutosha leo." Akaidunga ubavuni mwa paja, akatazama saa ya ukutani. "Mshikeni miguu, inyanyueni juu, damu irudi kwenye moyo. Wote wawili, haraka!"

Nikaingia. Mguu mmoja alikuwa ameshaushika Mama Martha. Ili kuushika wa pili ilibidi nisimame bega kwa bega na yeye, mkono wangu kwenye mkono wake, paja la mke wangu liko wazi mbele yetu. Miaka sita sijawahi kukanyaga hata kivuli chake. Nikasita.

Akanigeukia. Akanitazama machoni, mara ya kwanza maishani, na macho yake yalikuwa mekundu.

"Inua juu, ng'ombe wewe!"

Nikainua.

Tulisimama hivyo. Mashine ikajijaza, ikaguna, na safari hii ikatoa namba. Hamsini na tano juu. Dada Felisita hakufurahi. Alikuwa anatazama saa tu. Dakika ya kwanza, ya pili. Mimi namwomba Mungu kwa sauti, sina aibu, kamasi zinanitoka. Dakika ya tano ikaisha, akachoma nyingine, kiasi kile kile, paja lile lile.

"Nina kachupa kamoja tu kamebaki," akasema, kama anajiambia mwenyewe.

Nilitazama lile kasha jekundu. Kwangu, juu ya kabati, nina chupa kumi na moja. Hakuna hata moja ambayo ingemfaa.

Sabini. Halafu themanini na mbili. Kile kifua kikaacha mlio, kikavuta hewa ndefu. Vidole vya mguu nilioushika vikasogea kwenye kiganja changu, na nikalia jamani, nililia vibaya. Ilipofika tisini na nane kwa sitini dada Felisita akaketi chini sakafuni, akaegemea ukuta.

"Ungenyamaza dakika tano zaidi," akaniambia, "ungempakia maiti."

Gari la wagonjwa lilipofika tukampeleka Bariadi hata hivyo, kwa sababu dada Felisita alisema hali kama ile inaweza kurudi baada ya saa kadhaa. Kwenye kadi ya Violeth aliandika kwa herufi kubwa nyekundu: ASICHOMWE PENISILINI. Ndani ya gari Mama Martha alijitanda khanga upya, akakaa pembeni, akanipa mgongo. Neno lingine hajanisemesha mpaka leo. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu, na niliipokea.

Mchana wa siku iliyofuata, wodini, mama yake alitoka kwenda kununua uji. Tukabaki wawili. Violeth alikuwa amekaa, mto mgongoni, rangi yake imerudi. Nilikuwa nimejiandaa usiku kucha. Nikapiga magoti pale kando ya kitanda, nikamwambia lile kasha la bati nimemwagiza Shija akalichimbie shimo, na kwamba anisamehe, nilikosea dawa.

"Dawa ulikosea," akasema. "Dawa nimekusamehe."

Akachezea ncha ya shuka.

"Nilikuwa nasikia, baba Precious. Pale kwenye kitanda. Nilishindwa kufungua macho, nilishindwa kuongea, lakini kusikia nilikuwa nasikia. Nilikuwa nakungoja useme. Yule dada alikuuliza mara tatu."

Nikamshika mkono, nikamwambia upesi upesi, "Lakini nilisema! Mara ya nne nilisema, mama Precious. Nilipiga kelele kabisa, mbele ya mama yako. Muulize mama! Muulize dada Felisita!"

Hakuuondoa mkono wake. Aliniangalia tu, bila hasira, kama mtu aliyechoka kwa safari.

"Ya nne sikuisikia," akasema.