Chapa ya Wingu

Nimeuza bangili barazani mjini Santa Fe, tunapouzia sisi wenyeji wa asili, miaka thelathini na mmoja, na humo nimesikia uongo wa kila aina, mwingine nimeusema mwenyewe kuhusu umri wangu. Mimi si mtu wa kushtuka upesi. Lakini Jumanne ile mama mmoja mwenye kofia pana alichuchumaa mbele ya blanketi langu, akafungua leso, nami nikaweka chini kikombe changu cha kahawa.

Ndani ya leso mlikuwa na bangili, na jiwe lake pembeni. Alisema gundi imeachia, akaniomba nimtengenezee maana anaipenda mno. Nikaigeuza. Kwa ndani palikuwa na chapa: wingu dogo lenye michirizi mitatu ya mvua. Ni chapa ya mama yangu, Avelina.

Mama hajafua bangili mwaka wa sita huu, tangu macho yamwishie. Na alipokuwa akifua, chini ya jiwe alitandika vumbi la mbao, jiwe likae kama mtoto kitandani. Chini ya hili palikuwa na kipande cha boksi la viatu, herufi zake bado zinasomeka. Nikapasha sindano moto, nikaligusa jiwe. Feruzi, lile jiwe la buluu tunalotumia, haibabaishwi na sindano. Hili lilitoa moshi likanuka kama ndoo ya plastiki iliyosahaulika juu ya jiko.

Nikamuuliza ameinunua wapi. Akasema karibu na stesheni ya treni, kwa bwana mmoja mcheshi mwenye jino la dhahabu, aliyemwapia kwamba imefuliwa na mama yake mzazi. Jino hilo nalijua. Nimelala na mwenye nalo kitanda kimoja mpaka nikafika miaka tisa. Nikamwambia aniachie bangili, arudi kesho.

Barazani unauza ulichofua wewe au watu wa nyumba yako, basi, na chapa ndiyo kiapo chako. Chapa ya mama ikichafuka, kila alichofua tangu usichana wake kitashukiwa, hata mikufu ambayo mabinti wa watu huivaa kwenye ngoma ya mahindi, ile ya kuombea mvua na mavuno. Hilo ndilo lililonisumbua njia nzima kurudi kijijini kwetu Kewa. Mwenye kofia sikumwonea huruma hata kidogo, Mungu anisamehe.

Nilimkuta Fermin, mdogo wangu, mezani kwa mama, anachovya mkate wa tanuri kwenye mchuzi wa kondoo, pilipili inamtiririka mpaka kwenye kiwiko. Nikaiweka bangili kando ya bakuli lake. Akaitazama, akaendelea kutafuna. Kutafuna kule ndiko kulikonichefua kuliko yote.

"Dada, umekuja na sura ya mkaguzi," akasema. "Kula kwanza."

Alinieleza bila haya. Zinakuja kwenye katoni kutoka ng'ambo, mia kwa mfuko, kazi yake ni kugonga chapa tu. Akalalamika bega linamuuma kwa kugonga, kana kwamba nimekuja kumkanda.

"Bibi naye alitumia plastiki," akasema. "Maboksi ya betri, sahani za santuri. Mbona yeye hamkumsema?"

Ni kweli. Miaka ile ya njaa jiwe jeusi lilikuwa halipatikani, bibi akavunja betri za magari akatengeneza shanga.

"Bibi alikuwa akiwaambia wanunuzi kwamba ni betri," nikamjibu. "Na alizisaga mpaka vidole vikatoka damu. Wewe umesaga nini zaidi ya huo mkate?"

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na jiko, tulidhani amesinzia. Akanyoosha mkono, nikampa bangili. Akapitisha kidole gumba kwa ndani, akapapasa kingo, akalamba jiwe. Kisha akatema kwenye ndoo ya majivu, akajifuta ulimi kwa mkono wa gauni.

"Uliniomba chapa, ukasema unataka kujifunza," akamwambia Fermin. "Nilifurahi wiki nzima."

Akakinga kiganja. Fermin akaitoa chapa mfukoni, imechanganyika na funguo, bazoka iliyotafunwa imeganda ubavuni. Mama akaibandua bazoka ile kwa ukucha, taratibu. Na Fermin akamaliza mchuzi wake. Naapa, aliumaliza, akapangusa hata bakuli.

Kesho yake mama aling'ang'ania tufuatane barazani. Mwenye kofia alipokuja nilimweleza yote: plastiki, katoni, ndugu yangu. Mama akavua mkononi bangili ya mwisho aliyoifua, feruzi ya kijani yenye mishipa myeusi, akaniambia nimpe badala ya ile, ili wingu lake lisiseme uongo kwenye mkono wa mtu. Iliniuma. Bangili hiyo nilikuwa nimeimezea mate miaka mingi.

Yule mama akaziweka mbili sambamba, akainamisha kofia. Akasema ya mama ni nzuri, ila ni ya kijani kijani, na ina mikwaruzo. Ile nyingine ni ya buluu zaidi. Akaniuliza kama siwezi kuligundisha jiwe lake tu.

Mwaka mmoja wa shida niliwahi kula nyama iliyooza, tena nikaomba nyongeza. Haikunichefua kama swali lile.

Mama akaniuliza kwa lugha yetu amesema nini. Nikamwambia. Akacheka mpaka machozi, akairudisha bangili yake mkononi.

"Mpe yake," akasema. "Wingu langu libaki hapa."

Nikachukua tupa. Mnunuzi alidhani ndiyo matengenezo, akawa anatabasamu. Nikalisaga wingu na mvua yake mbele ya macho yake, na chini ya ngozi ya fedha ikatokea shaba, ya njano kama meno ya mvutaji. Kisha nikaligundisha jiwe juu ya kipande kile kile cha boksi, nikamkabidhi.

Akalalamika kwamba nimemharibia, kwamba bila chapa haina maana tena. Nikamwambia gundi inataka saa nzima ikauke, asinawe mikono.