Dawa Aliyoitema Mzee Urbani

Daktari Bashiru alipomuuliza Mzee Urbani maumivu yakoje, binti yake Ekaristia alidakia kama kawaida yake. "Yamepungua, daktari. Dawa anakunywa vizuri."

Mzee alikuwa akitazama dirisha. Alikuwa mkulima wa tumbaku kule Namtumbo; saratani ya tezi dume ilipoingia mifupani, binti yake huyu akamchukua kwake mjini, mtaa wa Bombambili, akawa anamwosha, anamlisha, na kliniki anamsemea.

Safari hii daktari alivuta kiti, akakaa karibu kabisa na mgonjwa. "Dada, samahani. Leo nataka kumsikia mzee mwenyewe."

Mzee akageuka kutoka dirishani, akasema, "Naumwa mpaka natamani kung'ata ukuta. Dawa yenu sijaimeza hata tone. Huyu akigeuka, naitema kwenye kopo la mate."

Kopo hilo Ekaristia alilimwaga yeye mwenyewe, kila siku. "Baba! Kwa nini?"

"Jirani yangu Kajetani walimpa hiyohiyo, hakumaliza wiki. Nikajua ni ya kumalizia watu." Akamgeukia binti yake, sauti imeshuka. "Nilidhani mmekubaliana, wewe na wao. Sikukulaumu, mwanangu. Nimekuchosha."

Kumbe kila Ekaristia alipomwinulia kikombe cha dawa, baba yake aliona anauawa, na bado akisema asante.

Daktari alimshika mzee mkono. "Kajetani aliondoka na ugonjwa, mzee. Dawa ilimpunguzia mateso tu. Kosa ni letu, hatukukueleza."

"Na mimi, nitapona?"

Ekaristia alitaka kudakia. Akajiziba mdomo kwa kanga.

"Hapana, mzee wangu. Lakini kuumwa namna hii si lazima."

Mzee aliitikia kwa kichwa. "Basi nipeni."

Jioni ile alinyoosha miguu bila kuguna, akaomba ugali. Ekaristia alimwekea sahani, akakaa chini.

"Baba, ulidhani nataka kukuua. Uliwezaje kula chakula changu?"

Mzee alimshangaa. "Sasa ningekula cha nani?"

Aliishi mpaka mahindi yakavunwa, na kliniki alijisemea mwenyewe. Ekaristia aliketi pembeni, akisikiliza kila alichosema, akihofia kusikia jingine alilomficha.