Sungura Aliyepita Mlangoni

Ofisi ya alama za vidole ilifunguliwa asubuhi, mara tu karani alipomaliza kufuta meza kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko meza yenyewe. Karani alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa sweta hata siku za joto. Alipanga kibao cha wino, rola ndogo na matambara ya kufutia mikono, akabandika upya tangazo lililokuwa likining'inia kwa kona moja: MWOMBAJI AONDOKE NA KILICHOMJIA. Kisha akaketi, akaita wa kwanza.

Muuguzi alikuwa wa tatu kwenye benchi. Alikuwa amemaliza chuo mwaka huo, na alikuwa amepata kazi kwenye zahanati ya watoto ya tajiri mmoja ambaye mji mzima ulimwita Mfadhili, kwa sababu aligawa mipira kwa timu za mitaani na sabuni kwa wajane. Barua ya kazi ilisema aripoti Jumatatu akiwa na cheti cha tabia njema, na kwamba asiye na cheti asijisumbue. Muuguzi alikuwa msichana wa haya, wa kuomba radhi hata anapokanyagwa yeye. Shangazi yake, ambaye aliishi naye, alikuwa amempigia pasi gauni huku akicheka.

"Wewe watakupa na utepe juu yake," alisema. "Umemkosea nani wewe? Hata mende unawafungulia mlango."

Utaratibu wa ofisi ile ulijulikana na kila mtu. Mwombaji alipakwa wino, akabonyeza vidole vyake vyote kwenye karatasi, kisha akakaa kusubiri. Kosa lake lilikuja lenyewe, aghalabu kwa miguu, likaingia kwa mlango wa mbele na kusimama karibu naye. Karani alilitazama, akaliandika, akagonga muhuri. Asiyejiwa na kitu aliandikiwa "Hana".

Wa kwanza alikuwa dereva wa lori. Alibonyeza vidole, akakunja mikono, na baada ya muda nguzo ya taa ya barabarani ikabisha hodi kwenye fremu ya mlango. Ilikuwa imepinda katikati, pale alipoigonga akakimbia. Ilijaribu kuingia ikiwa wima, ikashindwa.

"Ilaze," karani alimwambia dereva bila kuinua macho. "Ilaze kwanza, halafu izungushe kichwa. Hivyo. Taratibu na ukuta wangu."

Nguzo iliingia. Sehemu ya taa ilimwangukia muuguzi magotini. "Samahani," muuguzi aliiambia.

Wa pili alikuwa fundi bomba, mtu mwembamba mwenye maneno mengi. Alijiwa na mbuzi.

"Mama, huyu si wangu," fundi bomba alisema haraka.

"Ndiyo maana amekuja," karani alisema, akaandika.

Ikafika zamu ya muuguzi. Karani alimshika kidole gumba kama mtu anayemshika mtoto kuvuka barabara. Walisubiri. Nzi mmoja aliingia, karani akamtazama muuguzi kwa miwani iliyoshuka puani, lakini nzi akatoka zake. Karani alikuwa ameshashika kalamu kuandika "Hana" sungura mweupe mwenye sikio lililochanika alipoingia, akapita chini ya nguzo, akaketi juu ya kiatu cha muuguzi.

Muuguzi alimtambua. Alipokuwa mdogo, jirani yao alifuga sungura wa kuuza nyama, na jioni moja huyu mmoja alimtazama kupitia wavu kwa namna ambayo hakuweza kuivumilia. Akamfungulia. Sungura akatoweka, na jirani akalalamika wiki nzima. Sasa alikuwa hajazeeka hata kidogo.

"Nilimfungulia tu," muuguzi alisema. "Sikumchukua."

"Mwenyewe alimpata tena?"

"Hapana."

"Basi umemchukua, mwanangu. Wizi wa mfugo."

"Wangemchinja."

"Wangemchinja kihalali."

Muuguzi aliinama, akamshika sungura masikio. Moyoni alifurahi kuona kwamba yu hai, na akasema hivyo. Karani alimjibu kwamba furaha haina mahali pa kuandikwa, akagonga muhuri. Mwombaji alikuwa na haki ya kurudia vidole baada ya miezi sita, aliongeza, maana utaratibu ulikuwa na huruma.

Hapo ndipo Mfadhili alipoingia. Hakukaa kwenye benchi, kwa kuwa waliokaa kwenye benchi walisimama wote kumpa nafasi, na mtu mmoja hawezi kukaa nafasi nyingi kiasi hicho. Alikuwa akiomba kibali cha kuipandisha zahanati yake iwe hospitali, na mmiliki naye alitakiwa kuleta cheti.

"Aa, muuguzi wangu!" alisema. "Umewahi. Napenda vijana wanaowahi."

Karani alimpaka wino kwa adabu, akamfuta kwa tambara jipya. Walisubiri. Fundi bomba alimnong'oneza dereva kwamba angependa sana kuona wanyama wa mtu mkubwa. Mara chumba kikaanza kuwa na giza. Karani aliwasha taa, akidhani ni mawingu.

Hayakuwa mawingu. Ilikuwa wodi ya watoto ya hospitali ya umma, ile iliyozinduliwa mara mbili kwa bendi na haikuwahi kujengwa. Ilikuja ikijivuta kwenye lami, jengo la ghorofa moja, samawati hadi usawa wa kiuno na nyeupe juu, na magari yalisogea pembeni kuipisha. Madirishani mlionekana vitanda vidogo vyenye vyandarua, mizani ya kupimia vichanga, na mapazia yenye picha za bata. Kila kitu kilikuwa kipya kabisa. Ilisimama mbele ya ofisi, ikainamisha pembe moja ya baraza lake, ikajaribu kuingia. Plasta ya mlangoni ilidondoka kidogo.

"Basi, basi!" karani alipaza sauti. "Usinivunjie ofisi."

Alifungua droo, akatoa utepe wa kupimia, akatoka nje. Dereva alimshikia ncha. Walipima mlango, kisha wakaanza kupima wodi, wakaacha utepe ulipokwisha kabla ya dirisha la pili. Karani alirudi, akakaa.

"Haiingii," alisema.

"Lakini imekuja," fundi bomba alisema.

"Sijakataa kwamba imekuja. Ila mimi naandika kilichoingia ofisini. Kilicho barabarani ni cha manispaa."

"Kumbe! Basi na mimi mbuzi wangu ningemzuia nje."

"Ungemzuia. Hukumzuia."

Karani aliandika "Hana" kwa mwandiko mzuri, akagonga muhuri na kupuliza wino ukauke. Mfadhili alishukuru. Alipokuwa akikunja cheti chake, jicho lake lilitua kwenye karatasi ya muuguzi, kisha kwenye kiatu chake. Huzuni ikamwingia usoni.

"Sungura, binti yangu? Na kazi yenyewe ni ya watoto?"

"Nisamehe, mzee."

Mfadhili alifikiri. Alikuwa mtu wa kufikiri mbele ya watu. Mwishowe alisema kwamba hana moyo wa kumtupa kijana. Aje tu Jumatatu, ila kwa nusu mshahara, mpaka cheti chake kitakaposafika. Waliokuwa pale walisema huo ni utu. Muuguzi naye alisema asante, na aliisema kweli kutoka moyoni, akaona aibu baadaye bila kujua kwa nini.

Mfadhili aliingia kwenye gari lake, na wodi ikageuka ikamfuata, maana kila kosa huondoka na mwenyewe. Kwenye makutano, askari wa barabarani aliyasimamisha magari mpaka ikapita yote.

Nyumbani, shangazi alimtazama sungura kwa muda mrefu, kisha akamwekea maji.

"Afadhali huyu," alisema. "Binti wa nyumba ya pili alikwenda kuchukua cheti akarudi na mume wa mtu. Yuko pale sebuleni kwao hadi leo, anauliza chakula kinaiva saa ngapi."

"Nusu mshahara, shangazi."

"Nimesikia. Basi tutakula nusu na kodi tutalipa nusu. Mwenye nyumba tutamwambia alale nusu usiku kwa hasira, nusu nyingine atusamehe."

Alicheka mwenyewe, lakini jioni hiyo alitoa cherehani yake chini ya kitanda, ile aliyoapa kwamba macho yake hayataiona tena, akaanza kuitia mafuta.

Jumatatu muuguzi alikuta zahanati imehama. Wodi ilikuwa imetulia katika uwanja wa nyuma wa nyumba ya Mfadhili, na mchoraji alikuwa juu ya ngazi akimalizia kibao: HOSPITALI YA WATOTO YA MFADHILI. Kina mama walipanga foleni mbele ya kidirisha cha kulipia. Waliokuwa nacho waliingia, wakasifu mapazia yenye bata. Waliokuwa hawana waliendelea na safari hadi hospitali ya umma, ambako watoto walilala watatu kitanda kimoja, na jiwe la uzinduzi lilikuwa bado uwanjani likianikiwa nguo. Muuguzi alipima vichanga kwenye mizani mpya. Ilikuwa mizani nzuri sana. Haikuwahi kukosea hata gramu moja.

Sungura alimfuata kila alikokwenda, na watoto walipona upesi kwa kutaka kumkimbiza. Shida ilikuwa moja tu. Hakula. Muuguzi alimnunulia kabichi, akainusa akageuka. Alimnunulia mchicha, majani ya viazi, mkate. Sungura aliviangalia vyote kama mgeni aliyekwisha kula kwao. Hakukonda, wala hakunenepa.

Kisha siku moja bomba la wodini likaanza kuvuja, na aliyeitwa kulitengeneza alikuwa yule yule fundi bomba. Mbuzi wake alibaki nje kwa sababu hakuweza kupita kwenye korido. Alikuwa na ukubwa wa ng'ombe.

"Amekua," muuguzi alisema.

"Bado," fundi bomba alisema kutoka chini ya sinki. "Miezi sita ikitimia nataka mabega yake yagonge fremu ya ule mlango. Nabonyeza vidole, anakuja, anakwama nje, mama anaandika 'Hana', nami naenda zangu kuomba zabuni kama wanaume wenzangu."

"Unamlisha nini? Wangu hagusi kitu."

"Cha kununua?"

"Ndiyo."

Fundi bomba alicheka hadi akagonga kichwa kwenye bomba. "Dada yangu, cha kununua hawali hawa! Mimi nilihangaika kama wewe. Siku moja nikaondoka kazini na koki mfukoni, nikasahau kusema. Koki tu! Akaila mfukoni humo humo, akaongezeka shingo." Alifuta mikono, akashusha sauti. "Kidogo kidogo lakini. Usimvimbishie tumbo."

Muuguzi alirudi kwenye mizani yake. Usiku alimsikia shangazi akitunga uzi kwenye sindano, akikosa, akilamba uzi, akikosa tena. Asubuhi macho ya shangazi yalikuwa mekundu, na alisema ni vitunguu, ingawa nyumbani hakukuwa na kitunguu hata kimoja.

Nyuma ya wodi Mfadhili alikuwa na bustani, na mchana huo, watoto walipolala, muuguzi alikwenda huko kuanika mashuka. Alianika yote. Akayanyoosha pembe. Akatazama huku na huku, akachuchumaa, akang'oa karoti moja, nyembamba kama kidole cha mtoto, ambayo alikadiria kwamba haingemnufaisha mtu yeyote.

Sungura aliila na majani yake. Kisha akajinyoosha, mifupa ikalia taratibu, na masikio yake yaliyokuwa yakifika kwenye kifundo cha mguu wa muuguzi yakamfika gotini.

"Hujambo, binti yangu?"

Mfadhili alikuwa amesimama nyuma ya shuka, amevaa kandambili, mikono mgongoni. Muuguzi aliruka. Udongo ulikuwa bado kwenye kucha zake.

"Shikamoo, mzee. Nilikuwa... ni moja tu, mzee. Nitalipa."

"Marahaba."

Mfadhili hakuitazama mikono yake. Alimwinamia sungura, akampapasa mgongo kuanzia shingoni hadi mkiani, polepole, kama mtu anayepima kitambaa dukani, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nyuma yake wodi ilikuwa imetulia juani, na ndani mtoto mmoja alikohoa akanyamaza.

"Usiogope," alisema kwa upole. "Hata mimi nilianza na kuku."

Akamwonyesha kwa kidole tuta la mwisho, lililo karibu na ukuta, ambako karoti zilikuwa nene zaidi. Muuguzi alisimama pale pale na mashuka yake. Sungura ndiye aliyetangulia.