Bibi Huonja Kwanza

Jumanne saa tisa alasiri Daphrose alikuwa anaanika mashuka nyuma ya nyumba yake Kanombe wakati simu ilipolia kwa mara ya nne. Jumanne ndiyo siku yake ya mapumziko, ya pekee katika wiki, na kampuni nzima inalijua hilo, maana huwa hawampigii siku nyingine yoyote.

"Mama, samahani sana," alisema Kellen, binti wa matangazo. "Iko wageni kumi na nane hapa, na chupa zimekataa tena."

"Zote?"

"Zote. Nyeupe, nyekundu, hata ile ndogo ya zawadi."

Daphrose akasonya, akajifuta povu mikononi, akaenda kutafuta moto, pikipiki ya abiria.

Jambo lenyewe halikuwa na ajabu. Anayemkaribisha mgeni pombe huonja kwanza mbele yake, mgeni aone haina sumu. Hivyo ndivyo Daphrose alivyofundishwa na mama yake, Nyiramana, walipokuwa wakimbizi Karagwe, na hivyo ndivyo alivyoulea mvinyo wake wa ndizi. Mvinyo ulishika adabu. Ukiinamisha chupa kabla aliyeupika hajaonja, unakuja mpaka shingoni, unasimama hapo, unangoja. Mugenzi, mwenye kampuni, alishabadilisha chupa mara mbili, akabadilisha vizibo, mwishowe akaleta fundi kutoka Nairobi. Fundi alimulika ndani kwa tochi, akaandika kwamba mvinyo hauna kasoro, kuna mtu unamsubiri.

Huyo Mugenzi alikuja kwa Daphrose miaka tisa iliyopita, kwenye ubatizo wa mjukuu. Akanywa glasi mbili, akarudi kesho yake na daftari. Ndizi zinakaa shimoni siku ngapi? Mtama wa kukaanga unatiwa lini? Daphrose akamjibu yote, mjinga yeye, na chai akamchemshia. Sasa mtambo uko Kanombe, ukumbi wa kuonjea uko Nyarutarama, kampuni inaitwa Kwa Bibi, na Daphrose ni kibarua wa kuivisha na kukamua. Kitu alichoomba ni kimoja tu: mstari mmoja kwenye ukurasa wa pili wa kijitabu cha kampuni, pale inaposimuliwa mvinyo ulikotoka. Jina la mama yake na lake. Mugenzi alimwahidi kwa toleo la Pasaka, Pasaka ikapita. Akamwahidi kwa toleo hili, linalozinduliwa leo, na kwa ajili ya ahadi hiyo Daphrose amekuwa akiziacha Jumanne zake kwenye kamba ya nguo.

Kwenye geti la ukumbi alisimamishwa na Ndayisaba, mlinzi.

"Kitambulisho."

"Ndayisaba, wiki iliyopita si ulinifungulia wewe?"

"Wiki iliyopita ulikuwa na kitambulisho, mama. Na jina lako haliko kwenye orodha."

Dakika kumi nzima wageni walikaa na glasi tupu huku jina la Daphrose likitafutwa kwenye karatasi ambayo haikuwahi kuwa nalo. Hatimaye Kellen alitoka mbio na viatu mkononi, akamwingiza, akamweka nyuma ya pazia.

Daphrose alishika chupa ya nyeupe, nayo ikamimina mara moja. Akaonja.

"Hii mmeitoa shimoni siku ya tatu. Nilisema nne. Mnaharakisha kwenda wapi?"

Kellen aliandika, kisha akatokeza upande wa pili wa pazia na kuwasomea wageni: "Nyeupe yetu ni changa, yenye hamu ya safari." Wageni wakamiminiwa, wakapiga makofi.

Ile ndogo ya zawadi ilikuwa na sukari ya dukani. Daphrose alilitema funda la pili kwenye ndoo. "Nani ametia hii takataka?" Pazia likafunguka kidogo, na wageni wakaambiwa kwamba huu ni mvinyo wa kustaajabisha, unaoleta mjadala.

Ikabaki nyekundu. Wakati Kellen anaifungua, Daphrose alichukua kijitabu kipya, akafunua ukurasa wa pili.

Alikuwemo. Picha yake ilijaza nusu ya ukurasa, amevaa mushanana, vazi la sherehe, ile picha waliyompiga wakasema ni ya kitambulisho cha kazi. Walikuwa wameigeuza nyeusi na nyeupe, wameichakaza pembeni. Chini yake palikuwa na maandishi: *Bibi Béatha, 1909–1988, nyanya wa mwanzilishi, aliyetuachia siri ya mvinyo.*

Daphrose ana miaka hamsini na minane. Mugenzi ana arobaini na mitatu.

Aliweka glasi chini. "Mwite."

Mugenzi alikuja akitabasamu, tabasamu likaishia kwenye pazia. "Mama, usichukulie vibaya. Watu wanapenda historia. Wanataka bibi."

"Nilikuomba mstari mmoja, Mugenzi. Ukanizika!"

"Ni matangazo tu, mama."

"Sawa. Basi mwite bibi yako mwenyewe aje afungue."

"Bibi yangu alikuwa Msabato," alisema Mugenzi kwa unyonge. "Alikunywa Fanta tu."

Daphrose alichukua mkoba wake. Mlango wa nyuma ulikuwa umefungwa, kwa hiyo alipita katikati ya ukumbi. Mama mmoja mtu mzima, mke wa balozi mstaafu, alimtazama, akatazama kijitabu, akasimama kwa heshima. Wenzake wakasimama pia.

"Karibu, Bibi Béatha," alisema yule mama. "Huko mnaendeleaje?"

"Mimi sijafa. Naitwa Daphrose, mtoto wa Nyiramana. Nakaa Kanombe, karibu na uwanja wa ndege."

Wageni waliitikia kwa vichwa. Mmoja aliuliza kama ndege zinamsumbua. Mwingine aliandika kwenye kijitabu chake kwamba marehemu ni mchangamfu.

Angeondoka. Alishafika mlangoni alipogeuka na kuiona chupa ya nyekundu mezani. Kellen alikuwa ameiinamisha juu ya glasi ya yule mama, na mvinyo ulikuwa umesimama shingoni, kimya, haujadondosha hata tone. Huo aliukamua mwenyewe, siku nne shimoni, bila kuharakishwa na mtu. Ulikuwa unamsubiri kama alivyoufundisha, na kuuacha hivyo mbele ya wageni kungekuwa kuuaibisha.

Akarudi, akaonja.

"Huu mzuri," alisema. "Huu ni wa mama."

Mvinyo ukamiminika. Kellen aliyaandika maneno hayo kama yalivyosemwa, na yakachapwa kwenye toleo lililofuata, chini ya jina la Bibi Béatha. Mugenzi aliongeza mstari mmoja, kwamba bibi bado huonja kwanza, kila Jumanne saa kumi.

Jumanne iliyofuata Daphrose alipofika getini alishakitoa kitambulisho. Ndayisaba hakukitazama. Alipitisha kidole kwenye orodha, akakuta anachokitafuta, akafungua.

"Leo uko kwenye orodha, mama," alisema, amefurahi kwa dhati, akamwonyesha: *Marehemu Bibi Béatha. Mlango wa nyuma.*

Akazunguka nyuma.