Umeme Unasubiri Simu

Mtu asitamke neno "imara" mbele yangu. Tutagombana.

Laini moja kubwa ya umeme ilikatika mchana, na hakuna aliyeshtuka. Mzigo wake ukahamia kwenye laini nyingine, zikabeba. Ikakatika ya pili, zikabeba pia. Sisi wa chumba cha udhibiti tukaendelea na chai. Ya tatu ilipokwenda, mji haukuzimika kidogo kidogo. Ulizimika wote kwa mkupuo.

"Pigia kituo cha mashariki wawashe swichi kubwa," bosi akaniambia.

"Simu hazishiki. Minara haina umeme."

"Basi tumia redio."

Nilimkodolea macho. Redio za upepo aliziuza yeye mwenyewe, eti za kizamani, simu zipo. Na kampuni ya simu, anakofanya kazi mdogo wangu wa kiume, iliondoa majenereta kwenye minara, eti umeme upo. Wajanja watupu! Kila mmoja kamwegemea mwenzake, na wakubwa wa pande zote mbili wakajipa bonasi.

Mama yetu anapumua kwa mashine ya oksijeni, na mashine inataka umeme. Huwaringia majirani: "Mmoja wangu yuko umeme, mwingine yuko simu. Nina wasiwasi gani mimi?"

Kwa mama ni magharibi. Mdogo wangu atamkimbilia, nikajiambia, nikashika usukani kuelekea mashariki. Taa za barabarani zimekufa, magari yamesongamana. Nilitukana kila dereva niliyekutana naye.

Mzee wa zamu nilimkuta ameketi mbele ya simu yake, mikono magotini.

"Mbona hujawasha?"

"Mwanangu, siruhusiwi bila simu yenu. Naisubiri."

"Na simu inakusubiri wewe! Washa!"

Akawasha. Transfoma zikaanza kunguruma, na baada ya muda simu yangu ikapata mtandao. Ujumbe wa kwanza ulikuwa wa bosi: "Hongereni. Mfumo wetu ni imara." Angekuwa karibu ningemzaba kofi.

Kisha mdogo wangu akapiga.

"Dada, mama anaendeleaje?"

"Si uko naye?"

"Mimi? Niko mnarani tangu mchana. Nilijua wewe..."

Nikakata. Nikapiga simu ya mama. Mtandao ulikuwa safi, bila mkwaruzo wowote. Ikaita, ikaita, mpaka ikakatika yenyewe.