Amortiseri Nne Chini ya Kitanda

Wakati ule wa vita, mutu mwenye akili wa Butembo hakuwa na gari zima. Alikuwa nalo, ila halikuonekana. Mmoja alizika betri kwenye migomba, mwingine alificha mipira ya magurudumu juu ya dari ya kanisa. Waasi walichukua kila gari linalotembea, wakaita ile réquisition, kisha ulilikuta porini upande wa Mabalako limebaki mifupa.

Mimi nilikuwa na pikapu moja tu, ya kubebea maharagi kutoka Kirumba. Ndiyo iliyolisha nyumba. Wakiichukua, tule majani.

Basi nikazitoa amortiseri zake nne. Amortiseri ni ile bomba ya chuma yenye mafuta ndani, karibu na kila mupira, inayolituliza gari likishapita shimo. Zile nzima nikazificha chini ya kitanda, mahali pake nikafunga nne zilizokufa zamani. Nilijiambia: kamanda atakuja, ataona, ataliacha. Hata mutoto angeona.

Kosa langu lilikuwa kumdhania Kamanda Stanislas kuwa na akili ya mutoto.

Alikuja asubuhi, kofia ya bere upande, miwani ya jua usoni na mawingu yametanda. Kabla ya vita kazi yake ilikuwa kupanga watu foleni mbele ya duka la sukari.

"Papa Phinées, hii motokari iko muzima?"

"Hapana, mon commandant. Imekufa. Angalia."

Nikabonyeza kona ya mbele kwa mikono miwili, nikaachia. Gari zima hupanda mara moja, likatulia. Langu likapanda, likashuka, likapanda, likashuka; ungesali Baba Yetu mpaka amina nalo bado linaitikia.

"Iko na nguvu," akasema Stanislas. "Inataka kutembea."

Nikamwinamisha chini, nikamwonyesha mafuta yanayochuruzika kwenye bomba. Amortiseri ikitoka mafuta, imekwisha. Yeye akagusa kwa kidole, akanusa.

"Uliipaka mafuta muzuri. Bengine banaacha vyuma bikauke."

Nikamwonyesha mipira iliyolika madoamadoa, kama kichwa kilichonyolewa na mlevi.

"Mais hii ni modeli ya matope," akanifundisha.

Nimewaona wajinga wengi, na wengi wao wana adabu ya kunyamaza. Huyu alikuwa na cheo.

"Panda. Utanipeleka Beni. Ikifika, inabaki kule."

Mke wangu, Séphora, anayeniita kwa jina la mtoto wetu, alikuwa mlangoni. "Papa Bénite, ile akili yako njo imetufikisha hapa?" Nikapanda, nikawasha.

Mashimo ya barabara ya Beni nayajua kwa majina. Siku ile sikuliacha hata moja. Shimo la kwanza, tulipanda. La pili, tulikuwa bado hatujashuka kutoka la kwanza. Karibu na Maboya bere lake likatoka dirishani. Watu wa huko wanasema kuna kunguru anayelivaa mpaka leo.

"Po-le po-le, pa-pa!"

Nikafunga breki. Pua ya gari ikainama kusalimu barabara, naye akasalimu kioo kwa paji la uso. Kwenye kona gari lilihama lenyewe, kama mutu anayetafuta choo.

Tulipofika Beni, mtaa wa Bungulu, kamanda alishuka akitembea kama bibi harusi aliyeazima viatu. Askari wake walikuwa wanamtazama, donc kosa lilibidi liwe la mutu mwingine.

"Papa, ulinificha!" akapiga kelele. "Amortiseri zimekufa!"

Saa tatu nyuma alikuwa anazinusa.

"Ni kweli, mon commandant. Macho yenu ni makali."

"Zingine ziko wapi?"

Nikaona kitanda changu mbele ya macho. "Hapa Beni hakuna. Labda Butembo, nikitafuta sana. Mais nikirudi nalo, kwa bariere ya kwanza ya askari barabarani kamanda mwingine atalichukua."

Kamanda mwingine! Hilo lilimuuma kuliko mgongo. Akaomba karatasi, akaandika mwenyewe, akapiga muhuri mara tatu: "Gari hii iko mu matengenezo ya Kamanda Stanislas. Mutu asiiguse mpaka amortiseri zipone."

Zipone. Nilikunja karatasi ile kama barua ya askofu.

Alasiri nilikuwa Butembo. Nikanyanyua gari kwa kriki, nikaliegemeza juu ya magogo, nikalegeza bulo inayoshika kila amortiseri chini, halafu ya juu, nikang'oa maiti moja moja. Nikafunga zile nzima na raba mpya, nikalishusha, na hapo tu, likiwa limesimama kwa uzito wake, nikakaza mpaka mwisho. Nikabonyeza kona. Likapanda mara moja, likatulia kama shemasi. Séphora akaleta chai bila kuombwa. Kwake ile ni sifa.

Miaka miwili nilibeba maharagi. Kila bariere nilitoa karatasi, na amortiseri moja iliyokufa kutoka nyuma ya kiti.

"Haijapona tu, papa?"

"Bado, chef. Ingali inatoka mafuta."

Siku moja Stanislas alituma watu kuuliza gari lake. Nikawapa ile maiti wampelekee. Wakaniambia aliisimamisha juu ya meza, akaibonyeza mbele ya askari wote, ikaingia kama kidole mu bugali, haikurudi. Akatikisa kichwa kama daktari.

"Mumwambie Papa Phinées asiharakishe," akasema. "Hii ni ugonjwa mukubwa."