Mashuka ya Uzi wa Kijani

Jirani yetu, ambaye mtaa mzima unamwita Redio kwa sababu hazimiki, alidai kwamba Jumatatu asubuhi alipita kando ya seng'enge ya kambi, akachungulia, akamwona askari wa kigeni amekaa kwenye baraza ya nyumba ya mama yangu. Kavua viatu, alisema, miguu kaipandisha juu ya ukuta mfupi aliojenga marehemu baba, anakunywa chai kwenye kikombe chenye maua. Alipohadithia mara ya pili askari walikuwa wawili. Mara ya tatu, mbele ya duka la mikate, kulikuwa na muziki.

Redio kutia chumvi ni kawaida yake. Lakini mama hakucheka. Aliuliza tu maua yalikuwa ya rangi gani, na Redio bila kufikiri akasema mekundu. Mama akasema kikombe alichokiacha kabatini kilikuwa cha maua mekundu. Nilimwambia nusu ya vikombe vya dunia hii vina maua mekundu. Hakunisikia.

Nyumba ile tulitoka nikiwa na miaka sita, na sasa nina ishirini na nne. Vita vilipozuka, wale askari walikuja kuwatenganisha waliokuwa wakipigana, na hilo walilifanya, tusiwanyime haki yao. Wakazungusha seng'enge, na mtaa wetu wa chini wote ukabaki ndani. Tuliambiwa ni kwa miezi sita. Mama alifunga mlango, akachukua ufunguo na masufuria mawili, tukaja kukaa chumba cha nyuma kwa mjomba. Mpaka leo tupo chumba cha nyuma kwa mjomba.

Wiki hiyo ya kikombe, siku ya Ijumaa, kulikuwa na mjadala wa wazi kwenye ukumbi wa mji. Mkataba wa kambi ulikuwa unaisha. Madiwani walitaka kusikia wananchi wanasemaje: askari waongezewe miaka kumi, wapunguziwe eneo, au wafungashe. Na sisi tuliohamishwa tulikuwa tumepewa karatasi. Ukitia saini unapewa kiwanja nje ya mji, na nyumba yako umeiaga moja kwa moja. Mwisho wa kurudisha ni Ijumaa hiyohiyo. Mama alikuwa ameilalia karatasi yake chini ya mto mwezi mzima. Baada ya maneno ya Redio aliitoa, akaomba kalamu.

"Nyumba imeshapata wenyewe," aliniambia. "Mimi nataka tu mahali pa kufia, mwanangu."

Nikamsihi asubiri tukasikilize kwanza. Alikubali, ila kalamu aliitia kwenye mkoba.

Mimi nafua. Nilipomaliza darasa la saba nilienda kwa Mama Pasi, dobi mkubwa kuliko wote hapa mjini, na sijatoka. Zaidi ya nusu ya kazi yetu ni mashuka ya kambi. Kwa kuwa lugha yao hatuisomi, Mama Pasi alibuni utaratibu wake: kila jengo lina rangi ya uzi, mishono mitatu kwenye pindo la shuka. Uzi mwekundu ni mabweni, wa bluu ni zahanati yao, wa manjano ni maafisa. Wa kijani ni nyumba za mtaa wa chini. Magunia yakifika nayamwaga sakafuni, natenga rangi kwa rangi, na kila rangi ina rafu yake. Shuka la uzi wa kijani sikuwahi kulikunja bila kujiuliza kama limetoka chumbani kwetu.

Alhamisi pale kazini hakukuwa na mazungumzo mengine ila mjadala wa kesho. Mama Pasi alisema waongezewe hata miaka ishirini, maana sisi wenyewe shati moja tunalivaa wiki nzima, sasa yeye atamfulia nani? Kaka mpiga pasi, aliyezika ndugu wawili wakati wa vita, alisema afadhali kuishi na mgeni asiyeaga kuliko kusikia tena risasi. Akaendelea kupiga pasi.

Nilikuwa nimebeba rundo la mashuka, natafuta pa kuliweka, ndipo nikaiona rafu ya kijani. Ilikuwa na pasi mbovu, sabuni, na mwavuli wa Mama Pasi. Rafu hiyo naipita mara hamsini kwa siku. Tumeigeuza stoo kidogo kidogo, huyu kaweka hiki, yule kaweka kile, na hakuna aliyejiuliza kwa nini ina nafasi. Nikaanza kukumbuka. Mara ya mwisho kupanga kijani pale ilikuwa kabla ya mvua kubwa. Miezi saba.

Nikamuuliza Mama Pasi kama mashuka ya mtaa wa chini yanapelekwa kwa dobi mwingine. Alisema dobi gani, mwenye mashine zipi? Kisha akanitazama, akaelewa ninakoelekea.

"Wewe kunja," alisema. "Ya kambini yaache kambini."

Nikakunja. Jioni hata mama sikumwambia, niliogopa kumpa tumaini la bure.

Ijumaa ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Walimu walisema yao, wafanyabiashara yao. Mzee mmoja fundi saa alisema mjukuu wake anaoa na hajawahi kuuona mji huu bila seng'enge. Wengine walimpigia makofi, wengine wakamwambia akae. Halafu akasimama afisa wa kambi, na mkalimani pembeni yake. Alisema eneo haliwezi kupunguzwa, kwa sababu kila nyumba ya mtaa wa chini inakaliwa na askari.

"Si nilisema?" Redio alinong'ona nyuma yetu.

Mama alifungua mkoba, akaiweka karatasi juu ya goti, akatoa kalamu.

Mimi si mtu wa kusema mbele za watu. Miguu ilisimama kabla yangu. Mwenyekiti akauliza mimi ni nani, nikasema mimi ni mfuaji. Nikaeleza habari ya nyuzi, rangi kwa rangi, na kwamba uzi wa kijani haujaingia kwetu kwa miezi saba.

"Tumekuja kujadili nchi, tunaletewa mashuka!" mtu alisema, na watu wakacheka.

Afisa alisema kupitia kwa mkalimani kwamba pengine askari hao wanajifulia wenyewe.

"Miezi saba?" nikamuuliza. "Na wale wa mabweni, mbona wanatuletea mpaka soksi?"

Safari hii aliyechekwa hakuwa mimi. Lakini Mama Pasi alikuwa ameinuka kule mbele, nikajua kazi basi. Alitengeneza mtandio wake polepole.

"Mimi nataka wakae," alisema. "Nimesema kazini na hapa narudia. Lakini kazi yangu isisingiziwe. Mashuka ya mtaa wa chini siyapati. Huyu binti anasema kweli."

Akakaa bila kunitazama. Ukumbi ulianza kuvuma. Kaka mpiga pasi, ambaye sikumtegemea, alisema kwa sauti kwamba kama nyumba ni tupu zirudishwe, hizo hazizuii vita. Mama akageuka kwenye kiti.

"Jirani, yule askari ulimwona au hukumwona?"

Redio alijikuna shingo. "Baraza niliiona, mama. Baraza niliiona vizuri sana."

Mama aligeukia tena mbele. Kisha akaikunja karatasi mara nne, bila saini, akairudisha kwenye mkoba na kuinuka. Sijawahi kumwona amenyooka vile. Hakuongea na mwenyekiti, aliongea na afisa, taratibu, akimpa mkalimani nafasi ya kufuata.

"Mwanangu, hayo ya mkataba mtaongea na wakubwa. Mimi naomba Jumatatu unifungulie geti, niingie na ufagio wangu. Nyumba iliyokaa miezi saba bila mtu ina vumbi."

Mkalimani alitafsiri mpaka mwisho. Afisa alimtazama mwenyekiti, mwenyekiti akamtazama afisa. Mama hakukaa, alisubiri jibu amesimama.